Ngano ya Mwandoni

Saa kumi na moja alfajiri, sokoni Kongowea,
wenzangu wanagombania nyanya ngumu,
mimi naokota walichokikanyaga:
majani ya kabeji, maganda ya ndizi,
embe lililopasuka kwa kuchoka kungoja mnunuzi.
Mpagazi mmoja huniuliza kila siku,
"Dada, kwani unafuga ng'ombe wangapi?"
Mmoja, namjibu. Hana pembe, hana mkia,
analala nyuma ya choo kule Mwandoni
na hula usiku kucha.

Mavyaa hakumpenda.
Bi Mwanakheri aliziba pua kwa ncha ya leso,
akasema nimemletea jaa mlangoni,
kwao Kuze watu hawalali na uozo,
na mtu akiuliza harufu hii ya nani
yeye atasema hanijui.
Sikumjibu. Nilikuwa natandika:
majani makavu ya mwarobaini, kisha kibichi,
mavi ya kuku, jivu kiganja, udongo kiasi,
tena makavu, tena kibichi,
kama atandikaye kitanda cha harusi
cha watu asiowajua.
Na maji, ila yasidondoke:
ukifinya konzi moja, vidole vitoke jasho tu.

Siku ya nne nilichoma nondo katikati,
nikaichomoa, nikaishika,
nikaiachia.
Moto, pasi na kuni wala kiberiti!
Nikamwita Saumu aweke kiganja.
"Mama, ng'ombe ana homa."
"Hana homa, mwanangu. Anacheua."

Punje zilitoka kwa Nyamawi, kaka yangu,
afagiaye chini ya malori Shimanzi.
Jioni hukung'uta pindo za suruali
zikadondoka, punje za nchi asizoweza kutamka,
zilizovuka bahari kuja kusagwa,
zisizotazamia udongo tena.
Nilihesabu sitini na moja.
Majirani walicheka hadi machozi:
ngano ni ya baridi, ya Narok, ya Njoro,
hapa itakauka kama ahadi ya diwani.
Walisema kweli. Nusu.

Mboji ilipoiva ilikuwa nyeusi ya kahawa,
inanukia mvua ya kwanza juu ya vumbi.
Makumbi ya nazi tu ndiyo yalikataa,
bado yana nyuzi, bado yana kiburi;
nikayarudisha kwenye lundo jipya
yakajifunze.
Nikajaza madebe manane ya mafuta ya kupikia.

Nilipanda mwezi wa sita, joto lilipolegea.
Kunguru walikula kumi na tisa.
Mche mmoja ulilaliwa na paka.
Jua nalo likachukua yake.
Iliyobaki ikasimama, mifupi,
kijani kilichokoza hata nikaogopa kukisifu.
Halafu, mwezi wa tisa, manjano.

Masuke ishirini na mawili. Hayajazi sahani.
Niliyasugua viganjani, nikapuliza makapi,
punje zikaenea ndani ya kikombe cha kahawa chungu,
kile kidogo kisicho na mkono.
Chapati haitoki hapo. Hata ukingo wa chapati.

Ila asubuhi ile nilipokwenda kugeuza lundo
nilikuta juu yake kitu cheupe, bado kina unyevu,
kimetandazwa sawasawa, kimefunikwa majani makavu
kama inavyotakiwa:
machicha ya nazi.
Nyumba nzima ni mmoja tu mwenye mbuzi ya kukunia.
Nilimpita ukumbini. Akatazama ukutani.
Nami nikatazama ukutani.

Usiku Saumu akapanda kitandani.
"Mama, nipe ngano."
Nikasita, nisijue aitaka ipi.
Nikamtilia punje tatu kiganjani,
nikamfumba vidole, kimoja kimoja.
"Paukwa," nikasema.
Na kutoka chumba cha pili, nyuma ya pazia,
sauti kavu ikamtangulia mtoto:
"Pakawa."